Upepo wa Maillane

Nilikuwa Arles kwa majuma matatu, mji wa kusini mwa Ufaransa ulio kando ya mto Rhône, nikimalizia tafsiri iliyokuwa imenichelewa. Mwenyeji wangu, mwanamke mtu mzima ambaye naye ni mfasiri, alikuwa hodari wa kuuliza. Alitaka kujua utenzi ni nini na shairi ni nini, na kwa nini sisi tunahesabu mizani na kuvilinda vina kama mlinzi alindavyo ghala. Kila nilipomweleza jambo alinikatiza kwa neno moja: Mistral. Siku mbili za mwanzo nilidhani anausema upepo, kwa sababu upepo wa jina hilo ulikuwa umeshika kuvuma na madirisha hayakutulia. Siku ya tatu nikatambua kuwa anamtaja mtu. "Kesho nitakupeleka kwake," akaniambia, nami nikacheka, maana mtu mwenyewe alifariki mwaka 1914.

Hivyo ndivyo nilivyofika Maillane, au Maiano kama wenyewe wanavyoiita kwa lugha yao ya zamani, Kiprovansi.

Ndugu msomaji, ukitazamia kijiji cha picha za kalenda, kile cha juu ya kilima chenye ngome na vichochoro vya mawe, Maillane itakuvunja moyo. Vijiji vya namna hiyo viko jirani. Les Baux, kwa mfano, uko juu ya mwamba wake na watalii huupanda mchana kutwa kama siafu. Maillane imekaa chini, katika nchi tambarare kama chano. Ina kanisa la Mtakatifu Agatha, uwanja wenye miti ya vivuli, mkahawa, na nyumba za mawe zilizokaribiana. Wakazi wake ni kama 2,500 hivi. Avignon iko kaskazini kwa mwendo wa kilomita 15, na Saint-Rémy iko kusini-mashariki, karibu zaidi. Ukipita kwa gari bila kuambiwa lolote, utapita tu.

Lakini nchi yenyewe ina maneno yake. Upande wa magharibi kuna Rhône, na kaskazini kuna Durance, mto ambao zamani ulikuwa na tabia ya kufurika na kuhama njia, ukiacha nyuma tope zuri na vinamasi vibaya. Kwa karne nyingi wakulima walichimba mifereji, mingine ya kutoa maji kinamasini na mingine ya kuyaleta shambani wakati wa kiangazi. Leo hapo palipokuwa na matete na mbu panalimwa mboga na matunda. Upande wa kusini imesimama Alpilles, safu ya vilima vya mawe ya chokaa, vyeupe na vyenye meno. Kilele chake cha juu hakifiki mita 500, ila kwa kuwa nchi yote iliyo mbele yake ni bapa, mtu huviona kama milima mikubwa iliyoshushwa hapo usiku wa jana.

Na kuna huo upepo. Hutoka kaskazini, ukabanwa kati ya milima ya Alps na nyanda za juu za katikati ya Ufaransa, kisha hufyatuka kulifuata bonde la Rhône mpaka baharini. Ni wa baridi na mkavu, hufagia mawingu yote, na siku ya ghadhabu yake mwendo wake hupita kilomita 100 kwa saa. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya ubwana: upepo bwana, upepo mkuu. Wakulima wameupandia kuta za misaipresi, miti mirefu myembamba iliyosongamana, ambayo kwa mbali ilinikumbusha mivinje ya pwani yetu. Kuta hizo zimelazwa mashariki hadi magharibi, mashamba yakajificha nyuma yake. Nyumba za zamani za shambani, ambazo huziita mas, zimeupa upepo mgongo: ukuta wa kaskazini hauna dirisha hata moja, na maisha yote yako upande wa kusini, mlangoni, juani.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Lamu. Angeziona nyumba zile angesema wamejenga demanini, nao joshi wamewaachia miti. Nilimweleza mwenyeji wangu kuwa kwetu pia upepo ulikuwa bwana, kiasi kwamba mmoja wao tumeupa upande mzima wa dunia. Tunaposema kaskazini tunautaja upepo, kaskazi, ujapokuwa hauvumi siku hiyo. Akaniomba nirudie neno hilo mara tatu.

Frédéric Mistral alizaliwa hapa tarehe 8 Septemba 1830, katika shamba liitwalo Mas du Juge, nje kidogo ya kijiji. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mali, mjane aliyekuwa amepita miaka 50 alipomwona msichana mmoja akiokota masazo ya ngano nyuma ya wavunaji wake. Akamuuliza ni binti wa nani. Alikuwa binti wa meya wa Maillane, mtu mwenye watoto wengi na fedha chache. Wakaoana. Mshairi mwenyewe aliisimulia hadithi hii uzeeni katika kitabu cha kumbukumbu zake, naye hakuficha kuwa alipendezwa na jinsi ilivyofanana na kisa cha Ruthu na Boazi. Nimeisoma nikiwa na shaka kidogo, kama ninavyozitilia shaka hadithi zote zilizokaa vizuri mno; lakini msichana, meya na shamba vilikuwepo.

Nyumbani kwao hakukusemwa Kifaransa. Kifaransa kilikuwa lugha ya shule, ya mahakama na ya watu waliovaa kofia ndefu. Mtoto alipelekwa Avignon kusoma katika shule ya bweni, akiwa hana furaha, na huko akamkuta mwalimu kijana, Joseph Roumanille, mwana wa watunza bustani wa Saint-Rémy. Roumanille alikuwa akitunga mashairi kwa Kifaransa. Inasimuliwa kuwa siku moja alimsomea mama yake moja ya mashairi hayo, na mama hakuelewa. Tangu siku hiyo akageuka, akatunga kwa lugha ambayo mama angeielewa. Nami hadithi hii siitilii shaka hata kidogo, kwa sababu nimewahi kuwa upande wa pili wake, na nitaeleza.

Mwanafunzi akamfuata mwalimu. Mistral alikwenda Aix kusomea sheria, akahitimu mwaka 1851, kisha akarudi nyumbani na hakufanya kazi ya sheria hata siku moja. Anasema alisimama kizingitini pa nyumba ya baba yake, akiitazama Alpilles, akaweka nadhiri ya kuinua heshima ya watu wake na lugha yao, na ya kufanya hivyo kwa ushairi. Alikuwa na umri wa miaka 21. Katika umri huo wengi wetu tumeweka nadhiri za namna hiyo. Tofauti ni kwamba yeye aliishi miaka mingine 62 na hakuhama kijiji. Baba yake alipofariki mwaka 1855 na mirathi ikagawanywa, alihamia na mama yake katika nyumba ndogo ya kijijini, yenye saa ya jua na mjusi aliyechongwa ukutani. Alipooa, mwaka 1876, alivuka barabara tu, akaingia nyumba ya upande wa pili. Ndiyo iliyo makumbusho sasa.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Maillane, na watu walitembeza sanamu ya Bikira Maria njiani hadi maradhi yakakoma. Kumbukumbu yake huadhimishwa hadi leo kila mwisho wa Agosti. Mwaka huohuo, tarehe 21 Mei, vijana saba washairi walikutana katika jumba moja lililo mashariki ya Avignon wakaunda chama cha kuifufua lugha. Walihitaji jina. Mistral akawaletea neno alilolisikia Maillane katika sala ya kale waliyoisoma wazee, ambamo wametajwa felibre saba wa sheria. Felibre maana yake nini? Hakuna aliyejua. Bibi waliosali sala ile walilitamka tu kama walivyolipokea. Chama kikaitwa Félibrige, na wataalamu wa lugha wamebishana juu ya asili ya neno hilo tangu siku hiyo. Napenda sana jambo hili, la watu saba kujitia ndani ya neno tupu ili walijaze wenyewe.

Sasa nije kwenye ushairi, maana najua wengi wenu ndio mlioungojea.

Utungo wake mkubwa, *Mirèio*, ulitoka mwaka 1859. Ni hadithi ya binti wa mkulima tajiri anayependana na kijana wa msusi wa vikapu. Baba anakataa, na binti anatoroka, anaivuka Crau, nchi ya mawe isiyo na kivuli, kwenda kuwaomba watakatifu wa pwani. Jua linampiga, naye anafia mbele yao. Kisa chepesi kama kamba ya ngoma, kikanyooshwa kupitia sehemu 12. Kilichonikalisha usiku kucha ni umbo lake.

Ubeti una mishororo saba. Mitano ni mifupi, ya mizani 8; miwili, wa tatu na wa saba, ni mirefu, ya mizani 12. Mshororo wa kwanza na wa pili hufanana vina; wa tatu una kina chake; wa nne, wa tano na wa sita hufanana kwa kina kingine; kisha wa saba hurudi kukichukua kina cha wa tatu. Nikaandika katika daftari langu: a a b c c c b. Halafu nikaufunika kwa kidole ule upande wa kushoto. Kikabaki c c c b.

Msomaji wa blogu hii hahitaji kuambiwa hiyo ni nini. Mishororo mitatu yenye kina kimoja na mizani 8, kisha wa nne unaotoka nje na kwenda zake: ni ubeti wa utenzi. Zipo tofauti, na sitaki kuzipiga teke. Mshororo wake wa mwisho ni mrefu kuliko wetu, na kina chake cha mwisho hubadilika kila ubeti, wakati sisi kina cha bahari hukipitisha toka mwanzo hadi tamati. Isitoshe, wao silabi ya mwisho isiyo na mkazo hawaihesabu, na ile mishororo mifupi yote humalizikia kwa silabi ya namna hiyo. Sikio la Mswahili litahesabu 9. Lakini hapo ndipo mwenyeji wangu aliponisomea kwa sauti, nikasikia kitu nilichokijua: mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, kisha sauti inashuka. Kiswahili chote hushuka hivyo. Mistral hakujua lolote juu ya Lamu wala Pate, na sidai kwamba kuna mkono ulioazima kwa mwingine. Nasema tu kwamba nilikaa kitako katika jiko la Arles nikisikia mwendo wa utenzi kwa lugha ambayo sikujua neno lake hata moja, nikatokwa na machozi kama mtoto.

Jambo jingine katika toleo lile la kwanza lilinitia mawazo. Kitabu kilichapishwa Avignon kwa lugha mbili: ukurasa mmoja Kiprovansi, na ukurasa unaoukabili Kifaransa, tafsiri ya mshairi mwenyewe. Lamartine, mshairi mkubwa wa Paris, alikisoma na kukisifu mwaka huohuo, akimfananisha kijana yule wa kijijini na Homer. Mwaka 1864 Gounod akaifanya hadithi hiyo opera, kwa Kifaransa. Sifa zikaenea. Lakini jiulize, ni ukurasa upi uliosomwa? Mfasiri hujua jibu. Kila mara ninapoona ushairi wetu umechapwa na Kiingereza ubavuni, najikuta nikitazama ni upande gani wa kitabu umechakaa kwa vidole.

Katika *Mirèio* wapenzi wanakutana juu ya miti ya mforsadi, wakichuma majani ya kulisha viwavi wa hariri. Sehemu inayofuata ni wanawake wanaoibandua hariri matawini huku wakipiga soga. Kazi hiyo ilikuwa na msamiati wake: majina ya hatua za ukuaji wa kiwavi, ya vifaa, ya maradhi. Lakini hata kabla kitabu hakijatoka, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwaingia viwavi wa Ufaransa. Kisha ukafuata mdudu aliyekula mizizi ya mizabibu, na rangi nyekundu ya kiwandani iliyoua kilimo cha mmea wa kutoa rangi hiyo. Reli ikaleta soko la mboga. Katika maisha ya mtu mmoja, mashamba yaliyoizunguka Maillane yalibadili karibu kila kilichokuwa ndani yake, na maneno yakabaki nje kama vyombo vya marehemu.

Nadhani ndipo alipoingiwa na hofu, ingawa yeye mwenyewe hakuiita hivyo. Alitumia miaka mingi ya utu uzima wake kukusanya kamusi, *Lou Tresor dóu Felibrige*, iliyotoka kati ya 1878 na 1886 katika majuzuu mawili makubwa. Ndani yake kuna maneno ya wachungaji, ya wavuvi, ya mafundi, methali, majina ya mimea na ya pepo, kwa lahaja zote za kusini na si ya kwao tu. Nililipakata juzuu la kwanza likanilemea mapajani. Nikaikumbuka mitepe, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba vya pwani yetu, na nikajiuliza ni maneno mangapi ya washoni wake yaliyozama pamoja na chombo cha mwisho.

Mwenyeji wangu alinieleza hadithi ya upande wa serikali. Mwaka 1539 mfalme aliamuru hati za mahakama ziandikwe Kifaransa. Mwaka 1794, katikati ya mapinduzi, kasisi Henri Grégoire aliliambia bunge kuwa lugha za mikoani hazina budi kuangamizwa ili raia wote waelewane. Zikaja sheria za miaka 1881 na 1882 zilizofanya shule kuwa ya bure na ya lazima, jambo jema ambalo nani atalipinga, ila shule hiyo ilikuwa ya Kifaransa kitupu. Na katika shule nyingi za kusini kulikuwa na kitu kidogo, kipande cha mti au cha chuma. Mtoto aliyeponyokwa na neno la lugha ya mama yake alikabidhiwa kitu hicho, naye alikaa nacho mpaka amnase mwenzake akifanya kosa lilelile. Kengele ya jioni ilipolia, aliyekutwa nacho ndiye aliyeadhibiwa.

Nilimwambia sihitaji kuelezwa zaidi. Katika shule ya msingi niliyosoma mimi kilikuwa kipande cha ubao chenye tundu na kamba, tukikiita diski. Kilivaliwa shingoni. Kingereza ndicho kilichotakiwa, uwanjani, chooni, popote. Siku moja nilikuwa nimekivaa na kengele ilikuwa karibu. Binamu yangu alikuwa amesimama mbele yangu kwenye foleni ya maji, kimya, akijilinda kama tulivyojilinda sote. Nikamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote. Akalia, "Mama yangu!" Nikamvika diski. Alichapwa yeye. Leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na hatujalizungumza hilo hata mara moja.

Nilipofika sekondari nikadhani nimeokoka, kwa kuwa palikuwa na somo la Kiswahili na nilikipenda. Katika insha yangu ya kwanza niliandika "ndia" kama alivyosema babu na kama wanavyosema watu wote wa kwetu. Mwalimu akalizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni: njia. Hakukosea, mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi, na mitihani hufuata usanifu. Lakini niliporudi likizo nikamsomea babu insha ile iliyokwisha kusahihishwa, akaisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, umekuwa mgeni." Ndiyo maana nimesema hadithi ya Roumanille na mama yake siitilii shaka.

Hata Mistral hakuokoka na ugomvi wa namna hiyo, ila yeye alikuwa upande wenye nguvu. Yeye na Roumanille waliweka tahajia iliyofuata matamshi ya kwao, ya bonde la chini la Rhône. Watu wa Languedoc na kwingineko wakaona wamefanywa wageni katika lugha yao. Baadaye ikaja tahajia nyingine iliyorejea maandishi ya kale ya washairi wa zama za kati, na mpaka leo wako wanaoandika hivi na wanaoandika vile, na hawapendani sana. Nilishangaa kuona watu wanaozama wakigombania namna ya kuandika neno mashua. Baadaye nikaona sina haki ya kushangaa. Mistari michache kama hiyo nimeiandika mimi mwenyewe katika blogu hii, kutetea "ndia".

Mwaka 1904 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akigawana na José Echegaray wa Hispania. Mzee wa miaka 74, wa kijiji, aliyetunga kwa lugha iliyokatazwa uwanjani mwa shule! Fedha alizitia katika makumbusho aliyokuwa ameyaanzisha Arles, Museon Arlaten, kuyapatia jengo kubwa zaidi. Ndani yake aliweka mavazi, susu, majembe, vyombo vya jikoni, hirizi za watoto, na vibandiko vyake vingi aliviandika kwa mkono wake mwenyewe. Niliyatembelea asubuhi moja. Ni mahali pazuri, na nilitoka mapema. Jembe lililo nyuma ya kioo limepewa heshima ambayo hakuna jembe lililowahi kuitaka.

Naam, lugha yenyewe je? Katiba ya Ufaransa imetamka tangu mwaka 1992 kuwa lugha ya Jamhuri ni Kifaransa; mwaka 2008 ikaongezewa kifungu kinachosema lugha za mikoa ni urithi wa taifa. Shule zimeruhusiwa kufundisha lugha hizo tangu 1951, nao wako wanaojifunza kwa bidii. Lakini UNESCO imekiweka Kiprovansi miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa. Sifa ya Lamartine, opera, kamusi, Nobel: ni kiasi gani zaidi mshairi mmoja angeweza kuipa lugha?

Alasiri tulikaa mkahawani, uwanjani. Meza ya pili alikuwapo mzee mwenye kofia, mikono yake mikubwa ya mkulima. Mwenyeji wangu akamuuliza kwa Kifaransa kama anakisema Kiprovansi. Alicheka. Anakisikia, akasema. Wazazi wake walikisema wao kwa wao, hasa walipotaka watoto wasijue linalozungumzwa. Watoto walisemeshwa Kifaransa ili wafaulu. Anayo maneno ya kuongozea farasi, ingawa hana farasi, na anayo matusi. Akatutajia tusi moja, mwenyeji wangu akacheka mpaka akashika meza, lakini hakuweza kunifasiria.

Mimi sikucheka sana. Nyumbani kwangu Nairobi, mke wangu na mimi tunazungumza Kiswahili. Binti yetu, ana miaka 11, tunamsemesha Kiingereza, ili afaulu. Hakuna aliyetuvika diski kutulazimisha. Hatukuwahi hata kukaa kitako tukaamua.

Makaburini tulikwenda jioni, upepo umezidi. Kaburi la Mistral alilijenga mwenyewe angali hai, akiiga kibanda cha mawe kilicho chini ya Les Baux: nguzo, matao, kuba dogo. Nilitafuta jina lake. Halipo. Kuna maneno ya Kilatini tu, yanayoomba utukufu usiwe wake, uwe wa Mungu na wa Provence. Nilizunguka mara mbili kuhakikisha. Mtu aliyekusanya majina ya kila kitu cha nchi yake, la kwake hakuliandika.

Simu ikalia. Alikuwa binti yangu, akaniuliza kwa Kiingereza ni kelele gani hiyo.

"Upepo," nikamwambia.

"Upepo gani?" Alilisema kwa Kiswahili, nadhani bila kukusudia.

Nikamwambia una jina la mtu, au mtu ana jina lake. Nikamwambia babu yangu angekuwa hapa angewaambia mabaharia washushe foromali. Akauliza foromali ni nini. Nikageuza mgongo kaskazini nipate kumsikia, nikamweleza: ni ule mti mrefu unaofungwa tanga, unapandishwa mlingotini. Na ule ulio chini kabisa, unaobeba chombo chote, ni mkuku. Na mbavu zake ni mataruma. Nilikuwa nikienda haraka, nikiogopa kusahau, na kweli lipo neno moja la kamba ya gubeti ambalo nililitafuta pale makaburini na sikulipata, na sijalipata hadi leo ninapoandika. Aliyebaki wa kuulizwa ni binamu yangu.

Binti yangu akanijibu kwa Kiingereza kwamba mtandao unakatika. Ulikuwa unakatika kweli.